Mwenyeji wa Chumba cha Nyuma

Sogeeni, wajukuu zangu, sogeeni mpaka goti liguse goti. Wewe unayetafuna, meza kwanza. Nawe uliyekaa mlangoni, ingia ndani, hapo si mahali pa kusikilizia maneno haya. Nataka kimya kile cha watu wanaotafuta sindano iliyoanguka. Haya.

Palikuwa na mwashi mmoja, mtu mzima, mvi kichwani na chokaa kwenye kucha. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limeshasahaulika, watu wote walimwita Timazi. Timazi ni ule uzi wenye kipande cha chuma mwishoni, ambao mwashi huuning'iniza ajue kama ukuta umesimama wima au umelala. Mzee huyu alikuwa haamini kitu duniani ila uzi huo. "Jicho lina upendeleo," alikuwa akisema, "lakini uzi hauna shemeji."

Timazi na mkewe walijaliwa mtoto mmoja tu, binti, ambaye alikuwa muuguzi hospitali kubwa. Binti naye akazaa pacha, na tangu siku hiyo familia nzima ikapoteza majina: binti akawa Mama Pacha, mumewe Baba Pacha, na wazee wakawa Babu Pacha na Bibi Pacha. Pacha wenyewe walikuwa wametimiza miaka saba, na bado wanalala kitanda kimoja, mmoja kichwani mmoja miguuni, kwenye chumba kimoja cha kupanga, jiko upande huu, kitanda upande ule, katikati pazia.

Siku moja Mama Pacha akaja kwa baba yake anahema.

"Baba, nimepata nyumba."

"Wapi?"

Akamtajia mtaa. Timazi akaweka kikombe chini. Ule ulikuwa mtaa wa zamani, mtaa wa watu waliotulia, nyumba zake zina kuta nene na varanda pana, na zinatoka kwa babu kwenda kwa mjukuu bila kuonja soko. Tena hospitali iko pale pale, binti angetoka zamu akatembea kwa miguu hadi kitandani kwake.

"Bei yake?"

Akamtajia. Kwa fedha hiyo mtu hapati hata stoo mtaa ule.

"Mwanangu, cha bei ya chini kina neno," Timazi akasema.

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Kanitazamie. Dalali amenipa mpaka kesho mchana, kuna mteja mwingine nyuma yangu. Ukisema ndiyo, natia sahihi. Ukisema siyo, naacha. Ila Baba, nakuomba, usiseme siyo kwa sababu ya bati lenye kutu. Wale watoto wanakua wamekunjika kama nguo sandukuni."

Basi Timazi akachukua mfuko wake wa kazi, akaenda. Alifika saa sita, jua liko utosini, kivuli cha mtu kimejificha chini ya nyayo zake. Dalali alikuwa anamngoja varandani. Huyo dalali alikuwa na mdomo mtamu, mtu ambaye hata ukimkanyaga anakushukuru.

"Karibu sana, mzee wangu! Ukilala hapa usiku mmoja, ujana wote utakurudia."

"Ukinirudia nitaupeleka wapi? Mke wangu ameshazoea uzee."

Akaanza kazi yake bila haraka. Akazunguka nje akitazama msingi, hakuona ufa wa kupitisha hata ukucha. Akapanda darini, akachoma mbao za paa kwa bisibisi akitafuta mchwa, bisibisi ikagoma kuingia. Bati lilikuwa na kutu kwenye misumari tu. Mabomba ya maji yalikuwa ya kubadilishwa, nyaya za umeme pia, lakini hayo ni madogo. Moyoni akaanza kufurahi. Kwa jicho la moyo akawaona pacha wakikimbizana ukumbini. Akamwona binti yake amevua viatu, amenyoosha miguu.

Chumba cha nyuma ndicho alichokiacha mwisho.

Kilikuwa chumba cha kawaida, dirisha dogo, sakafu ya saruji iliyong'arishwa. Dalali alibaki sebuleni na simu yake. Timazi akaning'iniza uzi kwenye ukuta wa ndani kabisa, akangoja utulie.

Haukutulia. Ulilala. Kile kipande cha chuma kilijongea taratibu kuelekea ukutani, kikasimama hapo kimeinama, kama kinashikwa na kidole. Hapakuwa na upepo. Akauhamishia ukuta wa pili, ukaning'inia sawa. Akaurudisha kwenye ule wa kwanza, ukalala tena.

Halafu harufu. Ilikuwa harufu ya lipu mbichi, chokaa na maji na mchanga vilivyochanganywa asubuhi hiyo hiyo, ndani ya nyumba ambayo haijapigwa lipu tangu kabla Timazi hajazaliwa. Miaka yote ya kazi aliipenda harufu hiyo. Siku ile ilimsimamisha vinyweleo vya shingoni.

"Unyevu," akajiambia. "Maji yanapanda kutoka chini."

Sasa, waashi wana jambo lao. Mwashi akitaka kujua kama lipu imeshika ukuta au imeachia, huugonga kwa mpini wa nyundo na kusikiliza. Sauti nzito, lipu nzima. Sauti ya debe, ndani kuna uwazi. Timazi akageuza nyundo yake, akagonga. Ko. Ko. Ko.

"Karibu," ukuta ukasema.

Ilikuwa sauti ya kawaida, wanangu, ndiyo ubaya wake. Haikuwa nzito wala haikunguruma. Ilikuwa sauti ya mtu mzima anayejiinua kwenye mkeka kwa sababu amesikia hodi, sauti yenye furaha kidogo, ya mtu ambaye hajatembelewa siku nyingi. Timazi akadhani upande wa pili yuko mlinzi wa nyumba. Naye alikuwa mtu aliyelelewa. Tangu apate akili hajawahi kuiacha karibu ya mtu ikaanguka chini.

"Ahsante," akajibu. "Nishakaribia."

Akachukua mfuko, akatoka kwa mlango wa jikoni, akazunguka amsalimie huyo mtu. Nyuma ya ukuta ule hapakuwa na chumba. Palikuwa na kichochoro chembamba baina ya nyumba na ukuta wa jirani, kimejaa magugu yaliyofika kiunoni, na hata unyasi mmoja haukuwa umekanyagwa.

Timazi hakurudi ndani. Alipita kando ya nyumba moja kwa moja mpaka barabarani, dalali akimpigia kelele: "Mzee, vipi? Nimpigie binti simu, nimwambie tayari?" Hakugeuka. Hakuaga mtu.

Alifika kona ya kwanza ndipo akazisikia hatua.

Hazikuwa hatua za mtu anayekimbiza. Zilikuwa za mtu anayemsindikiza mgeni wake, taratibu, nusu hatua nyuma kama adabu inavyotaka. Akisimama zinasimama. Akitazama nyuma, barabara nyeupe kwa jua, na juu ya lami kavu alama za nyayo zenye unyevu mweupe zikikauka moja baada ya nyingine, na ile harufu ya lipu mbichi ikimjaa puani.

Kwenye kivuli cha duka alikaa fundi viatu, rafiki yake wa miaka mingi.

"Timazi! Leo una mwenzio!" fundi viatu akacheka. "Mbona mwenzio namsalimu hajibu? Au ni mkwe mpya, anaona haya?"

"Mwenzangu yupi?" Timazi akauliza.

Fundi viatu akatazama tena, safari hii akatazama vizuri. Akainamisha kichwa, akaendelea kushona, na sindano ikamwingia dole gumba bila yeye kuguna.

Timazi akatembea kama anayebeba maji kichwani, akiogopa kumwaga, mtaa baada ya mtaa, akiomba hatua zile zichoke, nazo hazikuchoka wala hazikuongeza mwendo, mpaka akaliona lango lake na mlango wake, akaingia, akaufunga kwa komeo, akasimama ameuegemea kwa mgongo.

Mkewe alikuwa anakunja nguo. Mama Pacha alikuwa kwenye kiti, amevaa sare ya kazi, macho yote kwa baba yake.

"Baba! Enhe? Ndiyo au siyo?"

Kabla hajajibu, mlango ukagongwa. Ko. Ko. Ko. Timazi aliyasikia mapigo hayo mgongoni.

"Hodi," sauti ikasema.

Mama Pacha akafungua kinywa, kwa mazoea tu, kama wewe na mimi. Bibi Pacha akaruka kutoka pale alipo akamziba mdomo kwa shuka.

Niwaambie huyu mama alikuwa nani. Mama yake mzazi alikuwa mkunga, na zamani zile mkunga hachagui anayemwita. Aliwahi kwenda kuzalisha kwenye nyumba nzuri zenye mazulia na taa, akirudi asubuhi kuchukua mkasi wake aliousahau, anakuta kiwanja kitupu. Kwa hiyo Bibi Pacha alikua akijua mambo ambayo mtu hajifunzi kwa kupenda.

"Umemtoa wapi huyu?" akamnong'oneza mumewe.

Timazi akaeleza, maneno yakigongana na meno.

"Aligonga nani kwanza?"

"Mimi."

"Akakukaribisha?"

"Ndiyo."

"Ukaitikia?"

"Nikaitikia. Ningefanyaje, mke wangu? Nilijua ni mtu!"

"Ukaondoka bila kuaga."

Timazi akainamisha kichwa kama mtoto.

"Hodi," sauti ikarudia, bila hasira.

Bibi Pacha akasogea mlangoni, akakaza sauti: "Wenyewe hawapo!"



"Basi nitangoja."

Wakasikia kitu kinakaa kwenye benchi la nje, na benchi likilia kama limewekewa mfuko wa saruji. Chini ya mlango kukaanza kupenya maji meupe ya chokaa, membamba kama uzi, yakitambaa sakafuni kuelekea miguu yao.

"Mama," Mama Pacha akanong'ona, "mimi naona maiti kila zamu, sijawahi kuona..." Hakumaliza. Kwenye ukuta wa sebule yao wenyewe, juu ya rangi aliyoipaka baba yake, palikuwa panatokea kiganja, kimelowa, kikubwa, vidole vimetanuliwa kama vya mtu anayepima kama ukuta unafaa.

"Sikilizeni," Bibi Pacha akasema. "Jini ana adabu kuliko binadamu, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Haingii asipoambiwa. Lakini akiambiwa neno moja tu, hatoki."

"Basi tusimjibu," Timazi akasema. "Atachoka."

Mama Pacha akatazama saa ya ukutani, akawa mweupe kama ile chokaa.

"Pacha," akasema. "Baba yao anawatoa shule saa kumi. Anawaleta hapa."

Saa tisa na nusu ilikuwa imeshapita. Na wale watoto walikuwa wamelelewa na nyumba hii hii. Wakimkuta mtu mzima kakaa barazani wangempa shikamoo, wangemshika mkono, na kwa kuwa ni watoto wazuri wangemwambia, karibu ndani, kwa nini unakaa nje?

"Babu Pacha," mkewe akasema, na sasa sauti yake ilikuwa laini sana. "Uliingia kwake kwa adabu, ukatoka bila adabu. Yeye bado anakuhesabu mgeni wake. Mrudishe kwake, kisha ukaage. Uombe ruhusa mpaka akupe. Na akishakupa atasema neno moja la mwisho, analisema kila mwenyeji. Hilo usilijibu. Hata ulimi ukikuwasha, hata ukihisi unakufa, usilijibu."

"Na nikijibu?"

"Nitakuletea nguo zako kule."

Timazi akafungua komeo. Hakutazama benchi. Kwa pembe ya jicho aliona tu ubao wake umebonyea katikati na hakuna aliyeukalia.

"Twende," akasema. "Nikusindikize."

Benchi likanyooka. Safari hii hatua zilikuwa ubavuni kwake, bega kwa bega, na mkono wake wa kulia ukawa wa baridi njia nzima kama uliotiwa kwenye pipa la maji. Nyuma yao Mama Pacha alikuwa ameshakimbilia njia ya shule.

Dalali alikuwa bado yuko, anafunga madirisha. "Nilijua utarudi, mzee wangu! Nyumba hii ukiiacha inakuota!" Timazi akampita kama hamwoni, akaenda hadi chumba cha nyuma, akasimama mbele ya ule ukuta. Safari hii hakugonga.

"Mwenyeji wangu," akasema. "Naomba ruhusa."

Harufu ikaongezeka mpaka macho yakamchoma.

"Mapema hivi?" ukuta ukasema. "Hata hujakaa."

"Nimekaa. Nashukuru. Naomba ruhusa."

"Hata maji hujanywa. Mgeni wangu wa kwanza baada ya miaka yote hii, nikuache uende na kiu?"

"Sina kiu. Nina wajukuu wananingoja."

"Waite nao waje," sauti ikasema kwa upole, kwa upole mkubwa, na Timazi akauona ukuta unafura kama tumbo linalovuta pumzi, akaona kwenye ile lipu ya zamani viganja vikitokea, si kimoja wala viwili, vikubwa na vidogo, na vingine vidogo kabisa kama vya watoto wa miaka saba, vimebanwa kwa upande wa ndani kama vya watu wanaochungulia dirishani mgeni gani amekuja, na akaelewa kwamba wote hao walikuwa watu wenye adabu, kila mmoja alikaribishwa na kila mmoja alishukuru, na miguu yake mwenyewe ilikuwa imeshaanza kuwa mizito na baridi kutoka chini, saruji ikimpanda kwenye vifundo vya miguu kama maji yanavyopanda kwenye ukuta usio na msingi.

"Naomba ruhusa!" akapiga kelele kwa mara ya tatu.

Uzito ukamtoka miguuni.

"Ruhusa unayo," sauti ikasema kwa huzuni. Kisha, kama mwenyeji yeyote anayesimama mlangoni kwake: "Karibu tena."

Wanangu, nyinyi hamjui jambo hilo ni gumu kiasi gani. Miaka zaidi ya sitini kinywa chake kimejibu neno lile kabla akili haijaamka. Jibu lilikuwa limeshapanda, limeshafika kwenye meno. Timazi akauweka ulimi wake katikati ya meno na kuuma, akauma mpaka damu ikamjaa kinywani.

"Karibu tena."

Akazidi kuuma.

"Karibu tena," na safari hii ilikuwa sauti ya mtu anayelia.

Na kutoka sebuleni, kwa ile sauti tamu ya sokoni, dalali akaitikia: "Ahsante sana! Tutarudi, tena na wageni wengine tutawaleta!"

Ukuta ukatulia. Harufu ikajitoa, ikampita Timazi ubavuni kama mtu mnene anayepita mlango mwembamba, ikaelekea sebuleni. Timazi akakimbia, akamkuta dalali amekaa mguu juu ya mguu, akamshika ukosi wa shati, damu ikimtiririka kidevuni.

"Umesema nini wewe?"

"Nimejibu tu, mzee! Mtu akikukaribisha utanyamaza kama gogo?"

"Nani aliyekukaribisha?"

Dalali akafungua kinywa. Akatazama mlango wa chumba cha nyuma. Akacheka kicheko chembamba. "Si wewe?"

Timazi akamvuta watoke wote wawili. Akamweleza yote, kwa ulimi uliovimba, akamsihi arudi akaage wakati bado ni mgeni wa dakika moja. Dalali akajifuta damu ya Timazi kwenye shati lake.

"Mzee, nenda hospitali kwa binti yako. Mimi nauza nyumba, sisalimiani nazo."

Jioni ile pacha walikula wakalala kwa babu yao, mmoja kichwani mmoja miguuni. Mama Pacha alilia, na hakulia kwa hofu, alililia nyumba.

"Ilikuwa mbovu, Baba?"

"Imara," Timazi akasema. "Sijaona imara kama ile. Ila ina mwenyewe."

Nani alirithi nini? Timazi aliishi miaka mingine kumi na moja, na tangu siku ile hakujibu tena karibu ya mtu yeyote. Watu wakasema amekuwa na majivuno, akawaacha waseme. Alipofariki, ngazi na toroli vilikwenda kwa Baba Pacha. Pacha waligawana nyumba ya vyumba vitatu ambayo babu yao aliwajengea kwa mikono yake, mbali na mjini, matope wakati wa mvua, kila mmoja na kitanda chake. Bibi Pacha alirithi hicho kimya cha mumewe, akakitunza.

Na dalali alirithi ile nyumba. Hakupata mteja, akasema atailinda kwa muda mfupi tu, akahamia. Yupo mpaka leo. Wapita njia humwona mchana, jua likiwa utosini, amefika kizingitini, amevaa viatu, ameshika mkoba, anageuka kuelekea ndani na kuomba ruhusa. Anasikiliza. Anacheka kidogo kwa adabu, kama mtu aliyeambiwa kwamba bado ni mapema. Halafu anavua viatu, kimoja kimoja, na kurudi ndani.